Jina, Lakabu, Istilahi na Kibandiko

Wahenga walinena kuwa jina jema hung'ara gizani. Hata hivyo, si kila neno linalotaja kitu ni jina la kitu hicho. Kiingereza hutenganisha 'name', 'nickname', 'term' na 'label'. Aghalabu mfasiri chipukizi huyatia yote katika kapu moja la 'jina'. Athari ya kosa hilo hudhihirika katika mitaa ya Kibera na Kawangware, jijini Nairobi.

Jina hubeba historia ya waliolitoa. Wanubi, ambao wazee wao walitumikia jeshi la kikoloni la King's African Rifles, walipaita mahali pao Kibra, yaani msitu. Baadaye tamko la Kibera likaenea. Hata hivyo, eneo bunge lililopata mbunge wake wa kwanza mwaka 2013 liliandikwa Kibra. Tofauti ni irabu moja tu, ila nyuma yake pana dai la ardhi: mwaka 2017 Wanubi walikabidhiwa hatimiliki ya ekari 288.

Lakabu nayo huzaliwa kinywani mwa umma. Kibera ina Soweto na Kisumu Ndogo. Kawangware ina kituo kiitwacho 46, kwa nambari ya njia ya matatu.

Istilahi ni zao la wataalamu. 'Makazi yasiyo rasmi' hueleza hali ya umiliki na mipango ya ujenzi. Haimpimi mkazi utu wake.

Je, 'kitongoji duni' ni istilahi? La hasha! Neno 'duni' halitaji paa la mabati wala ukosefu wa mabomba ya maji, hutoa hukumu. Hicho ni kibandiko, na kibandiko hakihitaji ushahidi. Kwa miaka mingi ilivumishwa kuwa Kibera ina watu milioni moja, lakini sensa ya 2009 ilihesabu takriban 170,000.

Mwanafunzi wa Kawangware akisoma kitabuni kuwa kwao ni 'duni', hafundishwi msamiati pekee. Anafundishwa pia cheo chake duniani. Ndiposa mfasiri, kabla ya kuteua neno, hana budi kuuliza: ni nani aliyetaja, alimtaja nani, na je, aliyetajwa angeitika?