Kabla ya Gwaride

Nilifundisha Elimu ya Dini ya Kikristo na Kiswahili katika shule ya sekondari ya bweni huko Kibirichia, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi nilipostaafu. Ukisimama gwarideni asubuhi kukiwa hakuna ukungu, unaona tambarare za Isiolo kule chini, na nyuma yako mashamba ya waru yanapanda kuelekea msitu wa Mlima Kenya.

Gwaride la Jumatatu ndilo lililokuwa mahakama yetu. Mwalimu wa zamu alisoma majina, waliotajwa wakatoka mbele, wakachapwa shule nzima ikitazama, kisha tukainamisha vichwa kuomba. Kiboko na sala vilikwenda pamoja, na walimu waumini, Wamethodisti, Wakatoliki na Wapresbiteri, hawakuona ubaya wowote. Katika chumba cha walimu, Mithali 13:24, ile aya ya fimbo, ilitajwa kuliko aya nyingine yoyote.

Kisha ikaja Julai 1991. Usiku wa tarehe 13, katika shule ya St Kizito kule Tigania, hapa hapa Meru, wavulana walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa, na wengine wengi walibakwa. Wiki ile sikuweza kufundisha somo la dini kama lilivyopangwa kitabuni. Kiboko kiliruhusiwa katika shule zote za nchi wakati huo. Wavulana wale walikuwa wamekulia chini yake, na hofu yake haikuwafunza kumheshimu msichana. Niliona lazima tutafute kitu kinachoingia ndani ya mtoto, si mgongoni mwake tu.

Nilikipata mahali nilipokuwa nimepafundisha mara nyingi: Mathayo 18, kuanzia aya ya 15. Yesu anaweka utaratibu. Aliyekosa aendewe kwanza akiwa peke yake. Asiposikia, waitwe mmoja au wawili. Kusanyiko linakuja mwisho. Sisi tulianza na kusanyiko! Nikamwomba mwalimu mkuu aniruhusu kuujaribu utaratibu huo katika kidato nilichokuwa mlezi wake, naye akakubali, ingawa naibu wake alinionya kwamba wavulana watanipanda kichwani.

Nakumbuka kijana mmoja aliyevunja sanduku la mwenzake na kuchukua pesa za matumizi. Nilipomwita peke yake alikana. Nikamwita tena, akiwa na kiranja wa bweni na nyanya yake aliyemlea. Nyanya hakuketi hata kidogo.

"Mwalimu, mchape tu. Mimi nimechoka naye."

"Nyanya, nikimchapa leo, pesa za mwenzake zitarudi?"

Alinyamaza, akamgeukia mjukuu wake. "Ulizipeleka wapi?"

Kijana akasema: alinunua viatu. Nikamsomea habari za Zakayo katika Luka 19, yule mtoza ushuru aliyeahidi kurudisha mara nne. Sikumdai mara nne; nilimdai zilezile, zitoke jashoni mwake, si mfukoni mwa nyanya. Likizo ile alichimba waru kwa vibarua, na shule zilipofunguliwa alimkabidhi mwenzake pesa mkononi, mimi nikiwapo. Jina lake halikusomwa gwarideni. Huo ndio uzito wa faragha: mtoto ambaye heshima yake haijavunjwa mbele ya wote bado ana kitu cha kulinda.

Si wote waliosikia. Wapo waliofika mbele ya bodi ya shule, na wachache waliondoka. Hata Mathayo 18 ina hatua ya mwisho.

Serikali ilipopiga marufuku kiboko shuleni mwaka 2001, wenzangu wengi walihisi wamenyang'anywa silaha. Baadaye Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilikataza pia kumtesa mwanafunzi kiakili, jambo ambalo wengi hawalitaji, nami naliona zito kuliko lile la kwanza, kwa kuwa ulimi wa mwalimu unaweza kuumiza kuliko mwanzi. Walioniletea tena fimbo ya Mithali niliwapeleka Zaburi ya 23, ambako fimbo ya mchungaji inafariji. Tazameni wafugaji wa Isiolo, niliwaambia: fimbo inamwonyesha mnyama njia na inamfukuza fisi. Mchungaji anayeitumia kumvunja kondoo miguu atambeba mwenyewe hadi nyumbani.

Tulikuwa na wanafunzi Waislamu pia, waliotoka Isiolo. Hao sikuwasomea Injili nikiwaonya. Utaratibu ulikuwa uleule, faragha kwanza, na mzazi aliitwa kwa heshima ileile. Imani yangu ilinidai mimi niwe na subira. Haikunipa ruhusa ya kumlazimisha mtoto wa mwingine kusali sala yangu.

Mwaka 2021, waziri wa elimu George Magoha alipounga mkono kurudishwa kwa kiboko, walimu vijana walinipigia simu, baadhi wakifurahi. Niliwauliza mwalimu wao wa ushauri nasaha ana vipindi vingapi kwa wiki. Sawa na wengine wote, walisema, na hana chumba. Wanafunzi huongea naye kwenye ukumbi wa kulia, wapishi wakisikia. Basi ombeni chumba, niliwaambia. Kiwe na mlango unaofungwa na viti viwili, na mpunguzieni yule mwalimu vipindi kabla ya muhula kuanza.