Kipimo cha Mwenzake



Wapendwa katika Kristo, juma lililopita niliteremka kwa njia ya Soni na Mombo hadi Tanga, kutafuta kipuri cha pampu ya maji ya parokia. Katika karakana moja nilimkuta kijana wa huku kwetu milimani akiendesha mashine ya CNC, yaani mashine ya kuchonga vyuma inayoongozwa na kompyuta.

Nilidhani kazi yake ni kubonyeza kitufe. Kumbe kabla ya kukata hupima kwanza, tena kwa muda mrefu. “Baba,” alinieleza, “mashine ina sifuri yake isiyobadilika, lakini haijui chuma hiki nimekifunga wapi kwenye jiliwa. Ni lazima niiambie.” Nikakumbuka kwamba hata mji wetu wa Lushoto, ulio kiasi cha mita 1,400 juu, hupimwa kuanzia usawa wa bahari, lakini ajengaye nyumba huku huanza kupima kwenye msingi wake.

Kisha akapima urefu wa kikatio. Alikishusha taratibu juu ya chuma huku akichezesha karatasi nyembamba katikati. Karatasi ilipoanza kukwama, aliandika namba, akizingatia hata unene wa karatasi ile, kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Alipobadilisha kikatio, alianza upya. Nikamwuliza kwa nini asitumie namba ya kwanza.

“Hiki ni kirefu zaidi, Baba. Nikikipa kipimo cha mwenzake, kitashuka kupita kiasi, kigonge chuma na kuvunjika. Mashine hainionyi, inatii nilichoiandikia.”

Maneno hayo yalinichoma. Nilipohamia kwenu kutoka parokia ya tambarare, nilikuja na kipimo cha huko: Misa ya kwanza ni saa 1 kamili, na anayechelewa ni mvivu. Dominika moja ya Julai nilimkaripia bibi mmoja mbele yenu nyote. Hakujibu neno. Dominika mbili zilizofuata hakuonekana, nami nikasema moyoni kwamba ana kiburi. Sikuuliza anatoka wapi.

Niliporudi kutoka Tanga nilikwenda kwake kwa miguu. Nilishuka bondeni, nikavuka mto, nikapanda upande wa pili katika ukungu na utelezi. Nilipumzika mara nne. Yeye huipita njia hiyo gizani. Nilimwomba msamaha. Akanimiminia chai, akasema, “Nilijua, Baba, kwamba hujawahi kufika huku.”

Kwa kuwa nilimkaripia mbele yenu, nakiri kosa langu mbele yenu. Katika Mathayo, sura ya 7, Bwana anatuonya juu ya kipimo tunachowapimia wenzetu. Juma hili, kabla ya kumhukumu mkwe, jirani au mtoto, tujiulize: kipimo hiki nilikichukua kwa nani?

Mungu awabariki.

Padre wenu