Shing'weng'we Arudi Lagangabilili

Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote wa nchi na mifugo yao. Alisalia mwanamke mmoja mjamzito, aliyejificha kwenye rundo la makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa, ambaye alipopata akili aliuliza: watu wengine wako wapi? Mama akamweleza. Mtoto akaenda kuwinda, akarudi na panzi. "Mama, Shing'weng'we ndiye huyu?" Siye. Akarudi na ndege, kisha swala. Siye bado.

Hadithi hii niliikuta kwenye shikome, pale penye moto wa jioni ambapo wazee na vijana wa boma letu walikaa baada ya ng'ombe kuingia zizini. Babu hakuisimulia kwa mkupuo. Kwenye panzi alisimama, akatugeukia mmoja mmoja: wewe ungekwenda na silaha gani? Ungepita njia ipi? Tulibishana mpaka viazi vikaiva. Kwa hiyo nasema bila kusita kwamba sisi hatukuwa wasikilizaji, tulikuwa wachezaji.

Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini ni amri. Mwaka uliofuata tukahamishwa, nyumba zikapangwa kwa mistari, ukoo ukatawanyika. Shikome haikuhama nasi. Babu aliendelea kusimulia, lakini ndani ya nyumba, kwa wajukuu wawili watatu, na maswali yake yakapungua. Baadaye hadithi ikabaki ya darasani: unaisoma, unataja funzo, unafunga daftari.

Mwaka huohuo wa 1974, huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao msimulizi mmoja hueleza hali ilivyo, kila mchezaji huamua mhusika wake afanye nini, na dadu huonyesha kama amefaulu. Sikuujua hadi mpwa wangu alipokuja likizo kutoka chuoni Mwanza. Jioni moja akatuchezesha Ravenloft, ngome ya mnyonya damu Strahd iliyobuniwa na Tracy na Laura Hickman, ikatoka 1983, kisha ikafufuliwa 2016 kwa jina la Curse of Strahd. Kilichonishika ni karata za ramli: zinachanganywa kabla ya safari, nazo ndizo zinazopanga silaha ya kumwua Strahd imefichwa wapi. Ngome ni ileile, lakini hakuna makundi mawili yanayolazimika kupita njia moja.

Tukaanza kutengeneza mchezo wa kwetu, hapa Lagangabilili, makao makuu ya Itilima, wilaya iliyomegwa kutoka Bariadi mwaka 2012. Kazi ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani, maana panzi, ndege na swala ni ngazi zilizokwisha kupangwa: anayeanza hapewi zimwi, anapewa panzi. Dadu ya nyuso ishirini ya mchezo ule hatuna. Tunachota karatasi zenye namba ndani ya kibuyu. Kibuyu hichohicho huamua Shing'weng'we amelala upande gani, Maswa au mtoni Simiyu.

Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya sikio. Masala Kulangwa alipopasua tumbo la zimwi na watu wakatoka, kisu kilikata sikio la bibi kizee, naye akakasirika akataka kumloga aliyemwokoa. Watu wakamzuia, kijana akatafuta dawa, akamponya, ndipo akatawazwa. Vijana walitaka mchezo uishe zimwi linapoanguka. Nilikataa, na hapo siwezi kulegeza. Ukiondoa sikio, unabaki na mauaji ya mnyama mkubwa tu, na mashujaa wa namna hiyo wamejaa kwenye simu zao. Anayepasua tumbo lazima amtafutie bibi dawa, na kuitafuta kunachukua jioni nyingine nzima.

Mengine nimewaachia. Mchezaji akitaka kuwa mama mwenyewe, akatoka kwenye makapi na mkuki, anaruhusiwa, ingawa mzee mmoja wa jirani aliondoka kwa hasira siku hilo lilipotokea. Jumapili iliyofuata alirudi, akachota namba yake.

Msimu huu, baada ya pamba kuuzwa, mpwa wangu aliuliza swali ambalo hata babu sikumsikia akilitaja: "Mjomba, wale waliomezwa walikuwa wanaishije mle ndani?" Sasa nusu ya wachezaji wako tumboni pamoja na ng'ombe wao, wanagombania maji, wanamchagua wa kuwaongoza, wala hawajui kama nje kuna mtoto aliyezaliwa.