Mtoto wa Jicho na Ua la Samawati

Huku Singida mvua ni za msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, zikakoma Aprili au kuchungulia Mei, kisha ardhi hukauka mpaka majabali ya mji wetu yakaonekana kana kwamba yameongezeka. Kwa hiyo majuma ya kabla ya mvua, kwa sisi wenye bustani, hayana mapumziko. Samadi iliyooza hutawanywa, miwaridi hupogolewa, mashimo huchimbwa mapema ili mvua ya kwanza isipotee bure, na vipandikizi huchomekwa kwenye makopo. Ni kazi za mikono, lakini huendeshwa kwa mdomo. Sijamwona mtu apogoaye mwaridi huku amenyamaza.

Mwenzangu wa mazungumzo hayo ni jirani, mama auzaye miche ng'ambo ya uzio wangu wa minyaa. Yeye huniita Mwalimu, nami humwita dada. Novemba ya mwaka jana tulikuwa katika ubishi wetu wa kila msimu: rangi. Mimi ni mtu wa maua mekundu. Yeye husema wekundu ni rangi ya watu wasiojua kutafuta. Hupenda samawati, ambayo katika bustani za huku ni adimu. Siku hiyo alinipitishia juu ya uzio kipandikizi cha plambago.

"Kikichanua, Mwalimu, utaona rangi ya mbingu saa moja asubuhi, kabla vumbi halijaamka."

Badala ya kushukuru, nilimpa somo. Ndiyo ada yangu. Nilimweleza kwamba Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyokubaliana na ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Husemwa ua jekundu, maua mekundu, mti mwekundu. Lakini hakuna atakayepachika kiambishi cha ngeli kwenye zambarau. Zilizobaki tumeziazima kwa vitu: kijani kwa jani, kijivu kwa jivu, manjano kwa kiungo, zambarau kwa tunda, kahawia kwa kahawa. Samawati ni mbingu iliyotoka Uarabuni, na buluu ni mgeni wa juzi kutoka Kiingereza. Nikamwongezea kwamba mwaka 1969 Brent Berlin na Paul Kay wa Marekani walichapisha kitabu wakidai kuwa lugha yenye majina matatu tu ya msingi ya rangi huwa na hayo hayo: nyeupe, nyeusi na nyekundu.

Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imejaa udongo.

"Kwa hiyo rangi zangu zote ni za kuazima," akasema. "Nikidaiwa nizirudishe, nitabaki na nini?"

Kipandikizi kilishika. Mwezi Machi kikachanua, nami nilikwenda kukitazama asubuhi, saa ile ile aliyoitaja. Niliona jivu. Petali zilikuwa na weupe uliochoka, kama shuka iliyofuliwa kwa maji ya tope. Nilingoja juma zima. Kisha nikaling'oa shina lile na mizizi yake, nikalipeleka kwenye uzio, na kumwambia maneno ambayo hata sasa nikiyaandika naona haya: kwamba aliniahidi mbingu akaniletea majivu, na kwamba mtu anayeuza miche hana budi kujua anachokiuza.

Hakujibu. Aliligeuza shina lile mkononi, maua yake bado hayajanyauka. Kisha akashika pindo la kanga yake akalinyoosha mbele yangu.

"Mwalimu, hii ni rangi gani?"

"Kijani," nikasema.

Ilikuwa buluu. Binti yake aliyekuwa akijaza udongo kwenye vifuko aliinua kichwa akanitazama, na wala hakucheka. Ningefarijika angecheka.

Nilitafuta kisingizio. Nilisema ni utomvu wa minyaa, kwa maana nilikuwa nimepunguza uzio mwezi uliotangulia, na kila mtu hapa anajua jinsi utomvu ule unavyounguza macho. Daktari alipomulika, alisema minyaa haina kosa. Ni mtoto wa jicho, wa macho yote mawili, na si wa jana.

Tazama lugha yetu ilivyoupa jina ugonjwa huo: mtoto. Hukua ndani ya nyumba yako bila kelele, nawe humwoni kwa kuwa humo machoni ndimo akaamo. Lenzi ya jicho hupata ukungu na kugeuka manjano taratibu, na rangi za upande wa samawati ndizo za kwanza kuzuiliwa. Claude Monet, mchoraji Mfaransa aliyekuwa pia mtunza bustani hodari, aliupata. Picha zake za bustani ya Giverny zikaelemea wekundu na rangi ya kutu, hata ikambidi ategemee majina yaliyoandikwa kwenye vibomba vya rangi ili ajue anachovya nini. Alipasuliwa jicho la kulia mwaka 1923. Niliposoma habari hiyo ya vibomba, niliifunga simu nikakaa kimya. Kwa muda gani nami nilikuwa nikisoma vibandiko? Miaka gani ya mwisho darasani nilisahihisha mashairi ya vijana, nikikata kwa wino mwekundu mistari iliyotaja mjakaranda au ndege heroe wa Ziwa Singidani, kwa sababu rangi waliyoiandika siyo niliyoiona?

Nilipasuliwa jicho la kulia mwezi Agosti. Bandeji ilipoondolewa, nilifumba jicho moja, kisha la pili, na shuka ya kitanda ikawa nyeupe, kisha ya manjano, kisha nyeupe tena. Nilirudia kama mtoto mwenye kitu kipya, mpaka muuguzi akaniambia nipumzike.

Kumwomba radhi jirani kulikuwa kugumu kuliko upasuaji. Nilikwenda kwa mlango wa mbele, si kwa uzio. Alinikaribisha, akanipa kiti na chai, akaniacha nimalize yote niliyoyapanga njiani. Kisha akaingia ndani akarudi na kopo. Shina nililoling'oa hakulitupa. Alikuwa amelikata vipande vinne, viwili vikafa, kimoja akakiuza.

"Hiki chako. Ila Mwalimu, safari hii usimtukane mtu kabla hujalitazama kwa jicho la hospitali."

Juma hili nimechimba shimo, nimetia samadi, na nimetandaza nyasi kavu juu yake. Mawingu yanakusanyika kila alasiri upande wa mashariki, kisha yanatawanyika. Jicho la kushoto litapasuliwa baada ya mvua. Kipandikizi kina majani saba, na jana kwenye ncha yake nimeona kitumba kidogo kilichofumba. Sijampigia mayowe dada bado.