Singeli: Muziki Kweli au Upepo wa Kupita?

Kuna sentensi moja iliyogombanisha wapenzi wengi, pengine kuliko hata simu inayoita usiku wa manane: "Huo nao ni muziki?" Mmoja anaongeza sauti, mwenzake anapunguza, na baada ya dakika tano hamzungumzii tena redio, mmeshafika kwenye mambo ya ukoo.

Kwangu mimi sentensi hiyo ilitamkwa Masoko, nyumbani kwetu wilayani Rungwe, kwenye kikao cha kupanga harusi yangu mwaka 2018. Mchumba wangu amekulia Manzese, Dar es Salaam. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba usiku wa sherehe singeli ipigwe angalau nusu saa. Baba mkubwa, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, akamjibu kwa upole kabisa: "Mkwe, sisi hapa tuna ing'oma. Hicho chenu ni kitu cha vijana, upepo tu, mwakani hakipo." Mjumbe mmoja wa kamati akachomekea, eti ule wimbo wa Man Fongo wa "Hainaga Ushemeji" ndio tutakaowapigia mashemeji? Sebule nzima ikacheka. Mchumba wangu hakucheka.

Jioni tulitembea hadi ziwani. (Ndiyo, ziwa lile lile ambalo watu husimulia kwamba Wajerumani walitupa mali zao humo walipokimbia vita.) Akaniambia, "Mimi nilipotoka jando ulipigwa mchiriku. Dada zangu walipoolewa, singeli. Sasa kama hiyo ni upepo, sisi tuliokuwa tunaicheza ni nini?"

Hapo ndipo nilipoona kwamba suala la ratiba ya DJ limekwisha. Lililobaki lilikuwa heshima.

Swali lenyewe wala si la kwetu peke yetu. Wamarekani walilitafuna mapema miaka ya 1990 kuhusu granji, ule muziki wa magitaa mazito wa Seattle. Albamu ya Nirvana, Nevermind, ilitoka Septemba 1991, na Januari 1992 ikamwondoa Michael Jackson kwenye namba moja. Mara mashati ya drafti yakapanda jukwaa la mavazi New York. Mbunifu Marc Jacobs alipoonyesha nguo za mtindo huo mwaka 1992, kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi ikamwachisha. Kurt Cobain alifariki Aprili 1994, na wengi wakasema basi, fasheni imekwisha. Kweli, fasheni iliisha. Mashati yale nadhani yaliishia kwenye mitumba, maana Tukuyu tumeyavaa sana, sisi kwa sababu ya mvua na baridi tu. Lakini Dave Grohl, mpiga ngoma wa Nirvana, aliunda Foo Fighters, na magitaa yale hayajanyamaza hadi leo.

Sisi tulilipata swali hilo kupitia Bongo Fleva. Wa rika langu mnakumbuka. Nikiwa shule ya msingi, mtoto akiimba rap nyumbani aliulizwa kama amekuwa mhuni. Jina lenyewe, ambalo kwa kawaida huhusishwa na mtangazaji Mike Mhagama wa Radio One katikati ya miaka ya 1990, wengi waliliona la utani. Wazee wa dansi walisema hawa hawajui kupiga hata chombo kimoja, wataisha. Mwaka 2010 Sugu, mmoja wa hao hao wahuni, akachaguliwa mbunge wa Mbeya Mjini. Mwaka 2015 Profesa Jay naye akaenda bungeni kwa jimbo la Mikumi. Siku hizi Bongo Fleva ndiyo inayoitazama singeli kwa jicho la pembeni. Mambo hayo!

Na singeli haikuanguka kutoka mbinguni. Imetoka uswahilini, Manzese, Tandale, Mburahati, kwenye mchiriku wa vinanda vidogo vya Casio na kwenye taarab iliyokimbizwa mpaka mapigo yakapita 200 kwa dakika. Vigodoro viliilea kabla redio haijaijua. Katikati ya miaka ya 2010 EFM ikaipigia debe hewani, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa Sounds of Sisso, mkusanyiko uliowafikisha vijana wa Mburahati kwenye masikio ya Ulaya. Mimi binafsi huniumiza kichwa baada ya dakika ishirini. Hilo ni tatizo la kichwa changu.

Lakini kilichonisaidia kwa baba mkubwa hakikuwa Kampala wala Seattle, kilikuwa ngoma ya mapenenga. Ngoma hii wengi huku tunaihesabu ya asili, ya mababu. Sawa, ila mababu gani? Wale wanaume wanaocheza kwa mistari kama wako gwaride wana undugu wa karibu na beni, ngoma iliyoanza pwani ya Kenya miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za jeshi la wazungu, na hata jina ni bendi tu. Askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918 waliisambaza bara, na vikundi vya Marini na Arinoti vikashindana kwa mavazi na vyeo. Wamisionari waliichukia. Wazee wa wakati ule nao walilalamika kwamba vijana wanafuata mambo ya kisasa. Mijini beni ilikuja kufifia, lakini kuzunguka Ziwa Nyasa watu waliigeuza yao, Malawi wakaiita malipenga, Ruvuma mganda, na vibuyu vikalia kama tarumbeta. Masoko kwetu palikuwa na kambi ya askari, ya Wajerumani na baadaye ya KAR. Upepo huo tunaufahamu vizuri.

Nilimweleza baba mkubwa hayo yote kwa adabu, nikiwa nimepiga magoti na chai nimeshamimina. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa hiyo babu yangu naye alikuwa mhuni?" Nikamwambia, baba, alikuwa kijana.

Nusu saa tuliipata, saa tano usiku, baada ya wachungaji kuondoka. Mashangazi wa Manzese walicheza mpaka wenyeji wakasogeza viti kuwapisha. Baba mkubwa alikaa amekunja mikono, lakini hakutoka. Asubuhi akamuuliza mume wangu, "Hiyo ngoma yenu inapigwa na watu wangapi?" Alipoambiwa ni kijana mmoja na kompyuta, alisikitika kweli kweli. Ing'oma ina wapigaji wengi, na kila mmoja ana kwao.

Mpaka leo hoja yake hiyo inanisumbua kuliko ile ya upepo. Mume wangu husema wanaocheza ndio mtaa mzima. Baba mkubwa husema kucheza si kupiga. Kila tukienda Masoko wanaianza upya, na mimi huwaachia chai naenda jikoni.