Seva ya Uvunguni

Mpwa wangu anasomea kompyuta Dodoma, mwaka wa pili. Juzi nilimtajia kwamba nikiwa chuoni nilikuwa na seva uvunguni mwa kitanda. Akacheka mpaka akakohoa. "Mjomba, seva si zipo kwenye wingu? Uvunguni uliiingizaje?"

Ilikuwa Ohio, mwaka 1999. Hapana: mfumo wa Red Hat 6.2 nilioupakia ulitoka 2000, basi tuseme 2000, yaishe. Ninayemkumbuka sawasawa ni mzee wa stoo ya vitu chakavu vya chuo. Kompyuta zilizochokwa na maofisi alizipanga kama magunia ya korosho, penseli sikioni, koti la kijivu kiangazi na masika. Hakuuza mashine bila kuiwasha. Aliitegea sikio kama fundi gereji, akasikiliza feni, ndipo akataja bei. Siku nilipomwambia natoka Tanga akanitazama upya. Utotoni, shambani kwa baba yake, majani ya ng'ombe yalifungwa kwa kamba za mkonge, na harufu yake hajaisahau. Dola 30 zikawa 20.

Mashine nayo ilikuwa na harufu yake: vumbi la ofisi likiungua taratibu, na plastiki ya moto. Mwenzangu wa chumbani alilalamika wiki moja, kisha akaanza kuanikia soksi juu yake.

Sheria za mtandao zilibandikwa nyuma ya mlango: sajili kompyuta yako, usifanye biashara, usiwazibie wenzio njia. Seva hazikutajwa, nasi hatukuuliza. Kila mashine ya bweni ilipewa anwani yake inayofikika kutoka popote duniani. Ukichomeka waya ukutani, una baraza lako.

Langu lilikuwa ukurasa mmoja wa Waswahili wa Marekani: nani anasafiri, lini, na amebakiwa na kilo ngapi. Wakati huo abiria aliruhusiwa mabegi mawili, kila moja kilo 32, na mtu kupanda ndege na nafasi tupu ilikuwa dhambi. Miwani ya bibi, dawa za presha, viatu vya shule, vyote vilipitia uvunguni kwangu. Majina niliyaandika kwa mkono, kila usiku, baada ya kusoma au badala ya kusoma.

Julai 2001 akaja mdudu aliyeitwa Code Red. Daftari la seva likajaa mistari ya herufi N, NNNN, kurasa kwa kurasa, mashine za watu zikigonga kwangu. Aliambukiza seva za Microsoft tu. Yangu hata mafua haikupata. Ofisi ya mtandao ikafunga lango namba 80, la kurasa za wavuti, kwa mabweni yote, mgonjwa na mzima. Nilikwenda na karatasi za ushahidi. Kijana wa kaunta hakuzigusa. Nikahamia lango 8080, lakini mtu wa kukumbuka kuongeza tarakimu mwishoni mwa anwani ni nani? Kilo zikaanza kusafiri tupu.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Mwaka 2003 makampuni ya muziki yakawashtaki wanafunzi wanne wa vyuo vya Marekani kwa kugawana nyimbo kwenye mitandao ya vyuo, na kwetu seva ikaandikwa kwenye orodha ya marufuku, pamoja na mishumaa. Nyumbani nyaya za intaneti za baharini zikafika 2009. Sasa kilo zinaulizwa kwenye kundi la WhatsApp, na swali huzikwa chini ya maua ya asubuhi njema kabla mwenye begi hajaamka. Mpwa wangu ana simu inayoishinda mashine yangu mara mia, na kila wiki ananiomba bando.

Mwaka wa mwisho niliirudisha mashine stoo. Mzee alikuwa amestaafu. Kijana aliyeipokea akaibandika karatasi ya dola 5, akaisukuma ukutani bila kuiwasha.