Ukuta wa Juu ya Meko na Haki za Wenye Nyumba



Nyumba ya kukaa ni neema kubwa miongoni mwa neema za Mwenyezi Mungu, na kila neema ina shukrani yake. Shukrani ya nyumba si kuipamba tu, bali ni kuipanga kwa namna ambayo kila mwenye haki ndani yake ataipata haki yake. Leo napenda kulieleza jambo hili kwa kutumia kitu ambacho wengi watakiona ni kidogo, nacho ni kuitundika televisheni ukutani juu ya meko ya kuota moto, na kuzificha nyaya zake zisionekane. Huenda ndugu zetu walioko Unguja, Mombasa au Lamu wakacheka, kwani sisi watu wa pwani hatuna haja ya kuota moto sebuleni. Lakini watoto wetu wengi leo wamefanya maskani Uingereza na katika nchi nyingine za baridi, na nyumba wanazozinunua huko zilijengwa na watu wengine kwa ada nyingine. Yafaa basi tuwafikirie.

Katika nyumba za zamani za Kiingereza, meko ndiyo yaliyokuwa mahali pa heshima sebuleni. Yalijengwa ukutani kwa matofali, juu yake ikawekwa rafu ya mbao au ya mawe, na ndani ya ukuta likapita dohani la kutolea moshi. Viti vyote vilielekezwa huko, kwani huko ndiko kulikokuwa na joto. Moto wenyewe ulikuwa wa makaa ya mawe, na moshi wake ulikuwa balaa. Mnamo tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, moshi na ukungu viliufunika mji wa London hata watu wakafa kwa maelfu, na mwaka 1956 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kuisafisha hewa. Polepole makaa yakapungua majumbani, na mabomba ya maji ya moto yakashika kazi ya kuzipasha nyumba joto.

Katika zama hizo hizo televisheni nayo ilikuwa ikiingia. John Logie Baird aliionyesha mbele ya wataalamu mjini London mwezi wa Januari 1926, na BBC ilianza kutangaza kwa picha kwa ratiba maalumu mwezi wa Novemba 1936. Kwetu Unguja televisheni ya rangi ilifika mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya nchi nyingi za Afrika. Basi kule Uingereza moto ulipozimika, viti vilibaki vikielekea pale pale, na watu wakaona hapana mahali panapoifaa televisheni zaidi ya pale palipokuwa na moto. Zilipokuja televisheni nyembamba ambazo mtu mmoja aweza kuzibeba, wakaanza kuzitundika juu ya rafu ya meko kama picha.

Mtoto wa dada yangu alinunua nyumba ya namna hii katika mji wa Leicester, moja katika safu ya nyumba za matofali zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Dada yangu, ambaye sasa ni mtu mzima na magoti yake hayamsaidii, anakaa pamoja nao. Nilipokwenda kuwatazama nilikuta shauri limekwisha kukatwa: televisheni itundikwe juu ya meko, na nyaya zake zishushwe ndani ya dohani hata chini, ili mgeni akiingia asione hata uzi mmoja. Fundi alikuwa ameahidi kuimaliza kazi hiyo kwa asubuhi moja.

Mke wa mwanetu alikuwa na hoja, na hoja yake ilikuwa nzuri. Aliniambia, "Mjomba, sebule yetu ni ndogo, na mtoto huyu ndiyo kwanza anaanza kutembea. Kila kilicho chini anakivuta. Nikiiweka televisheni juu ya meza, siku moja itamwangukia." Alisema kweli. Televisheni isiyofungwa ni hatari kwa watoto wadogo, na wako waliojeruhiwa na hata kufa kwa kuangukiwa nayo. Kwa hiyo kuitundika ukutani si israfu wala si anasa, bali ni kinga. Nilimjibu, "Bibi, katika kuitundika nakubaliana nawe. Tutazame tu ni ukuta gani, na kwa ajili ya nani." Tukakaa sote, na mama mkwe wake yupo, tukazihesabu haki.

Haki ya kwanza ni ya mwili. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwili wa mtu una haki juu yake. Mtu mzima akikaa kitini, macho yake huwa kiasi cha sentimita 110 kutoka sakafuni, na kioo cha televisheni yafaa kiti chake cha katikati kikaribie hapo. Sasa tupige hesabu. Rafu ya meko yale ilikuwa na kimo cha sentimita 130. Televisheni waliyoinunua ni ya inchi 55, na kimo cha kioo chake ni kama sentimita 68. Ikiachiwa nafasi ya sentimita 15 juu ya rafu, katikati ya kioo hufika sentimita 179, yaani juu ya macho ya watu wengi hata wakiwa wamesimama. Kijana ataivumilia kwa saa moja. Lakini bibi mwenye shingo ya miaka sabini atainua kidevu kila jioni, na maumivu yake hayataonekana na mgeni yeyote.

Haki ya pili ni ya usalama katika jambo la moto. Mtume (S.A.W.), alipopata habari ya nyumba iliyoungua usiku mjini Madina pamoja na watu wake, aliuita moto adui, akaamrisha uzimwe kabla ya watu kulala. Basi tusiukaribishe moto mahali unapoweza kudhuru. Watengenezaji wengi wa televisheni huandika kwamba hewa inayoizunguka isizidi nyuzi 40 za joto. Mwenye meko yanayowashwa na apime kwanza: abandike kipimajoto ukutani mahali atakapoiweka, awashe moto kama siku ya baridi kali, asubiri saa nzima au zaidi, kisha asome. Rafu pana husaidia kuusukuma mvuke wa moto mbele, lakini si kila rafu ni pana.

Na dohani lenyewe lisichezewe. Dohani linalotumika hupitisha hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Kila tundu linalopenya hata ndani ya dohani huenda likawa mlango wa hewa hiyo. Mwenye kuota moto wa kuni, makaa au gesi na aweke chombo cha kupiga kengele hewa hiyo inapotokea, na amwite mtaalamu kulisafisha na kulikagua dohani kila mwaka.

Haki ya tatu ni ya jirani. Katika nyumba zilizoshikana namna hii, meko mara nyingi hujengwa katika ukuta unaotenga nyumba mbili, meko ya huyu yakipeana mgongo na meko ya yule. Televisheni ikifungwa kwa chuma katika ukuta huo, sauti yake huingia katika matofali na kutokea upande wa pili. Upande wa pili wa nyumba ya mwanetu anakaa bibi mmoja Mwingereza, peke yake, ambaye hulala mapema. Si Mwislamu, lakini ni jirani, na sote twajua jinsi Jibrili alivyomuusia Mtume juu ya jirani mara kwa mara hata akadhani kwamba atafanywa mrithi. Mwanetu alinyamaza tulipofika hapa, kwani bibi huyo ndiye aliyewaletea chakula siku ya kwanza walipohamia.

Haki ya nne ni ya atakayekuja baadaye, na hapa ndipo penye habari ya nyaya. Watu hudhani ya kuwa waya ukishafichwa, kazi imekwisha. Lakini waya uliofichwa vibaya ni mtego. Ule waya mwororo wa umeme unaokuja na televisheni haukutengenezwa kuzikwa ukutani wala kuteremshwa ndani ya dohani. Ukipata joto au ukichunika huko, hakuna wa kuuona mpaka siku utakapowaka. Anayetaka kuficha umeme na amwite fundi umeme mwenye idhini, amtilie soketi mpya nyuma ya televisheni kwa waya uliotengenezwa kwa kazi ya ndani ya ukuta.

Kanuni za umeme za Uingereza zimeweka njia maalumu: waya upite wima au mlalo ulionyooka kutoka kwenye soketi au swichi inayoonekana, au ukae ndani ya sentimita 15 kutoka pembe ya kuta mbili au kutoka dari. Na ukiwa haukuzama ndani zaidi ya sentimita 5, uwe na kinga ya chuma au swichi ya kuukata umeme upesi unapovuja. Maana ya kanuni hizi ni kwamba mtu wa kesho, akitaka kutoboa ukuta apachike saa au picha, aweze kukisia waya uko wapi. Huenda akawa mnunuzi wa nyumba usiyemjua, huenda akawa mjukuu wako. Nyaya za picha na sauti nazo zipitishwe ndani ya bomba pana la plastiki, ili zikiharibika zivutwe bila kubomoa lipu.

Ndugu zangu, tumefundishwa kwamba ihsani ni kumwabudu Mwenyezi Mungu kwa yakini kuwa Yeye anatuona hata kama sisi hatumwoni. Mwenye yakini hiyo hakifanyi kilichofichika kuwa kibovu kuliko kilicho wazi. Fundi anayepaka rangi nzuri juu ya waya mbaya ameyaridhisha macho ya mgeni na kuivunja amana ya mwenye nyumba.

Haki ya tano ndiyo kubwa kuliko zote. Kutoka Leicester kibla ni kusini-mashariki, na katika sebule ile ukuta wa meko ndio ulioelekea huko. Hapo ndipo jamaa hawa wanaposali Magharibi na Isha kwa jamaa, baba mbele na watoto nyuma yake, na bibi kitini kwa ajili ya magoti yake. Televisheni ikitundikwa pale, kila takbira itapigwa mbele ya kioo cheusi kinachoonyesha taa, na mlango, na kila anayepita nyuma. Sisemi kwamba sala itabatilika. Lakini Bi Aisha (R.A.) alikuwa na pazia lenye picha upande mmoja wa nyumba yake, na Mtume (S.A.W.) akamtaka aliondoe kwa sababu picha zile zilikuwa zikimpitia katika sala. Ikiwa Mtume mwenyewe aliuchunga moyo wake hivyo, watoto wa miaka sita na minane watauchunga vipi wa kwao, mbele ya kitu ambacho saa moja kabla kilikuwa kikiwachekesha?

Hapo dada yangu, ambaye alikuwa kimya muda wote, akasema maneno machache: "Mimi shingo itavumilia. Lakini wajukuu zangu wasije wakadhani kwamba wanakisujudia kile." Mke wa mwanetu akamtazama, akacheka kidogo, kisha akasema, "Mama, haya yamekwisha."

Shauri likawa hivi. Televisheni ilitundikwa katika ukuta wa ndani, usiopakana na jirani wala na dohani. Kwanza ukuta ulipimwa kwa chombo cha kutafutia nyaya na mabomba, kisha chuma cha kutundikia kikafungwa kwa skrubu zinazouwezea uzito, na katikati ya kioo ikawa sentimita 110 kutoka chini. Kwa kuwa soketi ilikuwa karibu, hawakuona haja ya kuuvunja ukuta; nyaya walizitia ndani ya mfereji mwembamba wa plastiki uliobandikwa wima na kupakwa rangi ya ukuta. Mwenye kutazama sana atauona mfereji huo, na hapana aibu. Mtoto hawezi kuuvuta, na fundi yeyote ajaye atajua mara moja ni kitu gani. Juu ya meko pakaachwa ukuta mtupu mweupe.

Vijana wangu mnaoanza maisha, huenda nyumba yenu haina meko, na kibla chenu kiko upande mwingine kabisa. Lakini swali ni lile lile. Kabla ya kutoboa tundu la kwanza, msiulize tu, "Wageni wataonaje?" Mgeni hukaa saa moja akaenda zake. Ulizeni mzee ataumwa wapi, mtoto ataangukiwa na nini, jirani atasikia nini, atakayekuja baadaye ataachiwa hatari gani nyuma ya lipu, na nyuso zenu zitaelekea nini mnaposimama mbele ya Mola wenu. Mkishayajibu hayo, tundikeni mahali palipobaki, nanyi mtakuwa mmeitumia neema kwa shukrani.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azifanye nyumba zetu kuwa mahali pa utulivu na dhikri, na atulinde na moto wa dunia na wa Akhera. Amin.

Wassalaam.